Lugha ya Majukwaani: Historia ya Jamii ya Mashabiki wa Kandanda Arua na Koboko na Funzo Lake kwa Sera ya Kiswahili Nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya jamii ya mashabiki wa kandanda katika miji ya Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tangu enzi ya ukoloni hadi kushuka daraja kwa klabu mbili za Arua mnamo 2023 na 2024. Hoja kuu ni kwamba baada ya mwaka 1979 watu wa West Nile na lugha ya Kiswahili walibebeshwa lawama moja, yaani lawama ya utawala wa kijeshi wa Idi Amin, na kwamba ushabiki wa mpira ulikuwa miongoni mwa nafasi chache za hadhara ambamo jina la eneo hili liliweza kutamkwa tena kwa fahari. Makala yanalinganisha amri ya lugha ya mwaka 1973, iliyokosa jamii ya kuibeba, na jamii ya mashabiki wa klabu ya Onduparaka, iliyokosa taasisi ya kuidumisha. Kutokana na ulinganisho huo, makala yanapendekeza namna sera ya sasa ya Kiswahili inavyoweza kuepuka kasoro zote mbili.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya Kiswahili nchini Uganda huanzia ama bungeni ama darasani. Tunahesabu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliyoifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020. Na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 ulioagiza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hatua hizo ni muhimu. Hata hivyo, zinatueleza kile ambacho serikali inakitaka, si mahali ambapo raia hukutana kwa hiari na kulazimika kuelewana.

Uwanja wa mpira ni mahali pa namna hiyo. Hakuna anayelazimishwa kwenda uwanjani. Shabiki hulipa kiingilio, husimama juani kwa dakika 90, na hushangilia bega kwa bega na mtu asiyemjua, ambaye huenda hazungumzi lugha ya mama yake. Katika eneo lenye Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi, Wanubi na wakimbizi kutoka nchi mbili jirani, swali la lugha gani itumike majukwaani si dogo. Ni swali la nani anahesabiwa kuwa mwenyeji.

Makala haya ni ya kihistoria kwa kiasi kikubwa. Maelezo kuhusu matumizi ya lugha uwanjani yanatokana na kusikiliza kwangu nikiwa mtafiti wa lugha, wala hayakusudiwi kuchukua nafasi ya uchunguzi wa kitakwimu.

2.0 Mpira wa kambini na mpira wa misheni

Arua ni mji wa mpakani tangu kuasisiwa kwake. Sehemu hii ilikuwa ndani ya eneo la Lado lililotawaliwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909. Mwaka 1910 ilihamishiwa Sudan, na mwaka 1914 upande wake wa kusini ukaunganishwa na Uganda. Mwaka huohuo Arua ikawa makao ya utawala wa Waingereza. Katika kipindi cha miaka mitano, basi, wakazi walibadilishiwa watawala watatu bila kuhama nyumba zao.

Wakoloni waliitazama West Nile kama ghala la nguvukazi. Vijana walichukuliwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya kusini, au kuingia katika jeshi la King's African Rifles, ambalo lugha yake ya amri ilikuwa Kiswahili. Kambini humo askari walijifunza pia michezo. Idi Amin, aliyejiunga na jeshi hilo mwaka 1946, alijulikana kwanza kama bondia bingwa kabla ya kujulikana kama mtawala. Kwa familia nyingi za Koboko na Arua, Kiswahili kiliingia nyumbani pamoja na baba aliyerudi likizo akiwa na sare, mshahara na hadithi za kambini.

Mpira ulikuja pia kwa njia ya pili. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918 na kuweka makao Mvara. Upande wa Kanisa Katoliki, Wakomboni walijenga misheni na shule, kikiwemo Chuo cha Mtakatifu Yosefu cha Ombaci. Shuleni mpira ulikuwa sehemu ya malezi. Tofauti ni kwamba misheni zilihubiri na kuandika kwa lugha za wenyeji, hasa Kilugbara, ilhali darasa la juu lilitumia Kiingereza. Hivyo tangu mwanzo mchezo mmoja ulikuwa na lugha mbili za kijamii: mpira wa kambini ulichezwa kwa Kiswahili, na mpira wa misheni ulichezwa kwa Kilugbara na Kiingereza. Mgawanyiko huo haujafutika kabisa.

Kundi la tatu lililoziba pengo hilo ni Wanubi. Hawa ni wazawa wa askari wa Emin Pasha waliochukuliwa na Kapteni Lugard mwaka 1891 kulitumikia jeshi la Waingereza. Lugha yao, Kinubi, ni krioli yenye asili ya Kiarabu, lakini wengi wao wamekuwa wazungumzaji wazuri wa Kiswahili kwa vizazi kadhaa. Katika miji ya Arua na Koboko, Mnubi mara nyingi alikuwa mfanyabiashara, fundi au dereva. Kwa maneno mengine, mtu ambaye riziki yake ilitegemea kuzungumza na kila mtu.

3.0 Lawama moja kwa watu na kwa lugha

Mwaka 1973 Serikali ya Amin ilitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Amri hiyo haikufuatwa na walimu wala vitabu vya kutosha, na kwa raia wengi wa kusini iliendelea kuonekana kama sauti ya kambi ya jeshi. Miaka hiyohiyo kandanda ya Uganda ilikuwa kileleni. Timu ya taifa ilitwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1973, 1976 na 1977, na mwaka 1978 ikafika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, ambako ilifungwa mabao 2-0 na wenyeji Ghana. Furaha ya mpira na hofu ya dola ziliishi nyumba moja.

Amin alipopinduliwa Aprili 1979, watu wa West Nile walilipizwa kisasi kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyatenda. Mwishoni mwa mwaka 1980 maelfu kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci waliuawa na askari wa serikali. Mahali palipokuwa pa masomo na michezo pakawa pa maombolezo, na hadi leo siku hiyo hukumbukwa.

Hapa ndipo historia ya ushabiki na historia ya lugha zinapokutana. Katika Uganda ya baada ya 1979, kuitwa mtu wa West Nile kulimaanisha kwa wengi kuwa mtu wa Amin. Na kuzungumza Kiswahili kulimaanisha kuwa askari au mporaji. Lugha na watu walibebeshwa mzigo mmoja. Kijana wa Koboko aliyefika Kampala kutafuta kazi miaka ya 1980 alikuwa na sababu mbili za kunyamaza: lafudhi yake, na lugha ambayo angeitumia kujieleza.

Uhamisho, hata hivyo, ulimpa mtu huyohuyo mtaji wa lugha. Waliokimbilia Zaire walirudi na Kilingala na Kiswahili cha Ituri. Waliokimbilia Sudan walirudi na Kiarabu cha Juba. Mchezo ukawa na majina mengi katika mtaa mmoja: wengine huuita mpira, wengine *kura*, wengine *ndembo*. Mtoto aliyekulia uhamishoni aliyajua yote matatu kabla ya kuijua ramani ya nchi yake.

4.0 Kutoka redioni hadi kibandani

Amani iliporejea hatua kwa hatua, ushabiki ulirudi kwanza kwa masikio. Redio ndiyo iliyokuwa uwanja wa mtu asiye na uwanja. Baada ya kulegezwa kwa umiliki wa vyombo vya utangazaji nchini miaka ya 1990, stesheni za mikoani ziliongezeka, na mwaka 2004 Radio Pacis ilianza kurusha matangazo kutoka Arua kwa Kiingereza na lugha kadhaa za eneo, zikiwemo Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kimadi. Habari za michezo zikawa na wasikilizaji wa vijijini kwa lugha zao wenyewe. Hili lilikuwa jambo jema. Lakini liliwagawa pia wasikilizaji kwa saa za vipindi, kila lugha na zamu yake.

Kibanda cha video kilifanya kinyume. Ndani ya chumba cha mabati chenye mabenchi, mashabiki wa ligi ya Uingereza waliketi pamoja wakitazama mechi moja kwa wakati mmoja. Hakuna anayeweza kugawa kibanda kwa zamu za lugha. Ubishi kuhusu Arsenal na Manchester United ulihitaji lugha ya pamoja, na lugha hiyo ilikuwa mchanganyiko: Kilugbara au Kikakwa kwa utani, Kiingereza kwa majina ya nafasi na takwimu, na Kiswahili pale bodaboda wa Koboko, mchuuzi kutoka Ariwara ng'ambo ya mpaka na mwanafunzi wa Arua walipokutana benchi moja. Msamiati wa mchezo, yaani goli, kipa, refa, beki, kona na penalti, ulikuwa tayari umeswahilishwa na haukuhitaji mkalimani.

Kibandani mashabiki walijifunza nidhamu ya ushabiki: kuchanga fedha, kuvaa jezi za rangi moja, kutunga majina ya utani, kukubali kushindwa na kurudi wiki inayofuata. Walichokosa ni timu yao wenyewe.

5.0 Onduparaka: kijiji kinapokuwa eneo

Klabu ya Onduparaka iliundwa mwaka 2011 ikichukua jina la kijiji kilicho pembeni mwa mji wa Arua. Mwaka 2016 ilipanda Ligi Kuu ya Uganda. Katika msimu wa 2016/17, chini ya kocha Livingstone Mbabazi, timu hii iliyoitwa kwa utani Caterpillars iliwashangaza vigogo wa Kampala, na uwanja wake wa nyumbani, Green Light, ukawa miongoni mwa viwanja vilivyojaa zaidi nje ya mji mkuu. Mshambuliaji wake Muhammad Shaban alisajiliwa na KCCA mwaka 2017, na baadaye akachezea Raja Casablanca ya Moroko.

Mwaka huohuo wa 2017 fainali ya Kombe la Uganda ilichezwa uwanjani hapohapo. KCCA iliishinda Paidha Black Angels, timu nyingine ya West Nile. Kwa mtazamaji wa Kampala hilo lilikuwa jambo la ratiba. Kwa mwenyeji wa Arua, kizazi kimoja na nusu baada ya Ombaci, taifa lilikuwa limesafiri takriban kilomita 500, likavuka Karuma na Pakwach, na kuja kwake likiwa na mpira mkononi badala ya bunduki.

Swali la mwanahistoria ni hili: ilikuwaje jina la kijiji kimoja cha Walugbara likakubaliwa na Mkakwa wa Koboko, Mwaringa wa Yumbe na Mualur wa Nebbi kuwa jina lao? Naona sababu tatu.

Kwanza, klabu za Kampala zilikuwa na historia ndefu na wenyewe. Shabiki wa West Nile alizipenda kama mgeni anavyopenda nyumba ya watu. Onduparaka haikumdai nasaba. Pili, kule ugenini tayari kulikuwa na watu. Uhamaji ule wa kikoloni kuelekea mashamba ya miwa na miji ya kusini ulikuwa umeacha jamii kubwa za watu wa West Nile huko, na timu ilipocheza ugenini, hao ndio walioujaza upande wake wa jukwaa. Mtu aliyewahi kuificha lafudhi yake alipata mahali pa kuipaza sauti. Tatu, lawama ya pamoja ilikuwa imekwisha kuunda umoja ambao haukuwa na jina zuri. Jina West Nile lenyewe ni la wakoloni, na baada ya 1979 lilikuwa karibu tusi. Mashabiki walilichukua jina hilo wakaliimba.

Kuhusu lugha, majukwaa ya Green Light hayakuwa ya Kiswahili pekee, na ni kosa kwa mtetezi wa Kiswahili kudai hivyo. Nyimbo nyingi zilikuwa za Kilugbara. Malalamiko kwa mwamuzi yalitolewa kwa Kiingereza, kana kwamba ni barua rasmi. Kiswahili kilisikika langoni, kwa wauza njugu na maji, kwa makondakta, na kati ya mashabiki waliotoka upande mmoja wa mpaka na wale wa upande mwingine. Hakikuwa lugha ya kuimba. Kilikuwa lugha ya kupisha, kuomba nafasi, kulipana na kusameheana baada ya kukanyagana. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ndogo ndiyo iliyokipa uraia mpya. Mtu aliyekisikia Kiswahili kikimwambia *karibu, kaa hapa* hawezi tena kukihusisha na amri ya askari pekee.

6.0 Koboko: ushabiki wa njia panda

Koboko, umbali wa kama kilomita 55 kaskazini mwa Arua, inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Wilaya hii iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005 inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nchi tatu hukutana Salia Musala. Wakakwa wenyewe wamegawanywa na mipaka hiyo mitatu. Katika wilaya hii kuna pia makazi ya wakimbizi ya Lobule, yenye wakimbizi wengi kutoka Kongo. Nje yake, huko Yumbe, makazi ya Bidibidi yaliyofunguliwa mwaka 2016 yaliwapokea watu wa Sudan Kusini kwa mamia ya maelfu.

Mtoto wa Lobule na mtoto wa Koboko hawana lugha moja ya mama, lakini wana mpira mmoja. Mkimbizi kutoka Kongo huleta Kiswahili na Kilingala. Mwenyeji ana Kikakwa na Kiingereza cha shule. Mnubi wa mjini husimama katikati. Mechi ya jioni inapochezwa, sheria hujadiliwa kwa lugha ambayo wengi wanaijua kidogo, si kwa lugha ambayo wachache wanaijua sana. Mara nyingi lugha hiyo ni Kiswahili. Ni Kiswahili chenye upatanisho wa ngeli uliolegea, kile ambacho mwalimu angekikata kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo, kinatimiza kazi ya kwanza ya lugha, nayo ni kuzuia ugomvi.

Kwa washauri wa sera, jambo hili lina uzito. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Mwaka 2021 wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Koboko imekuwa ikiishi ndani ya uamuzi huo kabla haujatiwa saini.

7.0 Kushuka daraja

Historia ya jamii hii haikuishia kwenye shangwe. Machi 2020 michezo ilisimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na msimu uliofuata ulichezwa bila mashabiki. Kwa klabu inayotegemea viingilio na michango, uwanja mtupu ni mfuko mtupu. Wakati huo Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, ilikuwa ikipata klabu ya pili: Doves All Stars ilinunuliwa, ikaitwa Arua Hill, ikapanda Ligi Kuu na kucheza msimu wa 2021/22. Kwa miaka miwili jiji moja lilikuwa na timu mbili katika ligi ya juu, moja yenye mizizi ya kijijini na nyingine yenye mwekezaji.

Mwaka 2023 Onduparaka ilishuka daraja baada ya misimu saba. Mwaka uliofuata Arua Hill nayo ikashuka. Eneo lililokuwa limezoea kuipokea Kampala kila wiki mbili likabaki bila mechi ya Ligi Kuu.

Tusilipime tukio hili kwa pointi pekee. Jamii ya mashabiki ilikuwa imefanya kazi kubwa ya kijamii bila kukabidhiwa zana. Haikuwa na chombo cha kudumu cha wanachama, wala kumbukumbu zilizoandikwa, wala akiba ya kuvuka msimu mbaya. Iliishi kwa mapenzi, na mapenzi hayalipi nauli ya basi la kwenda Mbarara. Timu ilipoondoka katika ligi, mahali pa kukutana pakaondoka nayo, na mazoea ya lugha yaliyojengeka pale yakarudi kutawanyika sokoni na vibandani.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaweka mbele yetu majaribio mawili. La kwanza ni la mwaka 1973: serikali ilikuwa na amri lakini haikuwa na jamii iliyoipokea lugha kwa hiari, na amri ikaiachia lugha doa. La pili ni la miaka ya 2011 hadi 2024: watu walikuwa na jamii, hiari na furaha, lakini hawakuwa na taasisi, na jamii ikapoteza uwanja wake. Sera ya mwaka 2022 inaweza kurudia kosa la kwanza iwapo itahesabu vipindi vya darasani tu. Inaweza pia kurudia la pili iwapo itasifu Kiswahili cha mitaani bila kukiwekea walimu, vitabu na vyombo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Mosi, Chuo Kikuu cha Muni kilichopo Arua kisaidiwe kukusanya kumbukumbu simulizi za mashabiki, kwa lugha zote za eneo, kabla kizazi kilichorudi kutoka uhamishoni hakijatuacha. Pili, mafunzo ya waamuzi, makocha na watangazaji wa michezo wa West Nile yatolewe pia kwa Kiswahili, kwa kuwa hao tayari wanakihitaji kazini. Mwalimu wa Kiswahili atapata wanafunzi wenye sababu. Tatu, halmashauri za Arua na Koboko zizisaidie klabu kuwa vyama vya wanachama vyenye hesabu zilizo wazi, ili kushuka daraja kusiwe kufunga mlango.

Kenya, Tanzania na Uganda ziliomba kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 chini ya jina moja la Kiswahili, *Pamoja*, na zikaupata. Neno hilo lilichaguliwa katika ofisi za miji mikuu. Watu wa Arua na Koboko wamelifanyia kazi kwa muda mrefu zaidi na kwa gharama kubwa zaidi, wakisogeleana kwenye benchi ili mgeni apate pa kukaa. Sera itakayoanzia kwenye benchi hilo itakuta sehemu ya kazi imeshafanywa.